Kucha za Mkono wa Kulia

Mwalimu wangu wa gitaa alikuwa hampi mtu mkono. Ukimwamkia, aliitikia marahaba vizuri tu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuimba, kisha akakushika bega kwa mkono wa kushoto, na salamu ikaishia hapo. Wageni walidhani ana dharau. Wengine walidhani ana ugonjwa wa ngozi, wakawa wanamwonea huruma kwa mbali. Majirani zake wa mtaa wa Sakina hawakujisumbua kudhani. Walimwita Mzee Kucha, na mafundi wa magari waliofanya kazi nje ya chumba chake walimpigia kelele wakiwa bado wamelala chini ya gari.

"Mzee Kucha! Leo umezilisha?"

"Zimekunywa chai," anajibu bila kugeuka. "Zinangoja cha mchana."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa wa mtu yeyote, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Wa kulia ndio uliokuwa na mambo. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete vilikuwa na kucha ndefu kiasi, zimechongwa na kung'arishwa kuliko za bibi harusi. Kidole cha mwisho aliking'oa kabisa kwenye hesabu zake. "Huyu ni abiria," aliniambia siku ya kwanza. "Hana kazi, lakini huwezi kumshusha."

Ilipoingia corona na watu wakaambiwa waache kushikana mikono, Mwalimu alifurahi mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alitembea barabara nzima ya Sakina akisalimia watu kwa kiwiko. Nilimwambia si vizuri kufurahia ugonjwa wakati wenzetu wanazikwa. "Sifurahii ugonjwa," alisema. "Nimepumzika kujieleza. Miaka yote hii najieleza kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe."

Basi na mimi nijieleze kidogo kwa ajili ya asiyepiga gitaa. Mwalimu alipiga gitaa kavu, lisilo na umeme, na alilicharaza kwa vidole vitupu. Nyama ya kidole hutoa sauti nene inayobaki chumbani. Ukucha hutoa sauti inayotoka hadi barabarani. Gumba lake lilikuwa linatembea na besi, vidole viwili vya kati vinajibizana, na kidole cha pete kinaimba juu yao. Ukipita nje ungeapa wamekaa watu watatu. Ukucha mmoja ukivunjika, mmoja kati ya hao watatu amenyamaza.

Alikuwa na kipande kimoja alichomtungia mkewe. Hakina maneno wala jina. Alikiita "ule wa mke wangu" na mimi nikakiita hivyo hivyo. Wimbo huo aliutunga mkewe akiwa hai, kwenye kile kile chumba, yeye kwenye kiti na mama wa watu kwenye jiko la mkaa, na aliniambia sauti ya juu, ile ya kidole cha pete, ndiyo mkewe mwenyewe akivumisha nyimbo za kanisani huku anakoroga. Hawakujaliwa mtoto. Mke alipofariki, Mwalimu alibaki na azma moja tu hapa duniani: aupige ule wimbo vizuri mara moja, urekodiwe, ubaki. Hakutaka studio. Alitaka mimi, simu yangu, mlango umefungwa, na kucha nne nzima.

Hizo kucha nne ndizo zilizotushinda. Kila nikifika na kuuliza, jibu ni lile lile: "Bado kucha."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mwalimu."

"Subira yavuta heri, binti yangu."

"Hiyo heri inavutwa kwa kamba ya wapi? Mbona haifiki?"

Anacheka. Mimi nilikuwa sicheki. Nimeusikia wimbo ule nusu nusu miaka mingi, kipande cha mwanzo leo, kipande cha katikati mwezi wa kumi, na kila mara akikaribia mwisho anasimama, anautazama ukucha wa kidole cha pete, anatikisa kichwa. Mwisho wake sikuujua.

Namna alivyozitunza, mtu angedhani ni mayai. Msasa alikuwa anaupata kwa mafundi wa kupiga rangi magari, na hakutaka mpya. Alitaka ule wa maji uliokwisha kutumika, uliochakaa mpaka unateleza, kwa sababu mpya alidai unakula. Mafundi walimwekea vipande kwenye kopo. Kila asubuhi anachonga, halafu anasugua ukingo kwa kipande cha ngozi ya kiatu, halafu anapitisha ukucha juu ya uzi mmoja na kusikiliza. Ukikwaruza, anarudi kwenye msasa. Alioga mkono wa kulia ukiwa ndani ya mfuko. Ugali alikula kwa kijiko, jambo ambalo kwenye harusi za watu lilimfanya awekwe meza moja na Wazungu. Na karibu kila siku alikunywa supu ya makongoro, kwa imani kwamba kwato za ng'ombe zitamwingia kwenye vidole. Nilimwambia kama ingekuwa hivyo, sisi tunaokula maini tungekuwa na maini mawili. "Wewe cheka," alisema, akifyonza mfupa. "Chanda chema huvikwa pete. Changu navika gundi."

Kweli alikuwa anavika gundi. Ukucha ukipata ufa, anakata kipande cha mpira wa tenisi ya mezani, anakichonga kwa umbo la ukucha, anakibandika kwa supaglu. Kinakaa siku chache, halafu kinaruka katikati ya wimbo na kutua kwenye sufuria.

Kwa wanafunzi alikuwa na uvumilivu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Walikuja vijana wa kwaya wanaotaka kujua gitaa kabla ya Pasaka, na vidole vyao vilikuwa vigumu kama kuni. Wakikosea alisema, "Hapo umesikia mwenyewe. Endelea." Hakumkatisha mtu hata siku moja. Lakini yeye mwenyewe akikosea noti moja, siku imeharibika. Gitaa linarudi kwenye mfuko wake, chai inakataliwa. Nilimuuliza mbona sisi anatusamehe na yeye hajisamehe. Alisema sisi tunajifunza, yeye anatoa ushahidi. Nilikasirika, kwa sababu niliona majivuno ndani ya hilo jibu, na bado ninayaona.

Nilimwomba basi anifundishe mimi ule wimbo, ili hata akichelewa usipotee. Alinifundisha besi na ule ubishi wa katikati. Sauti ya juu alikataa. Mimi nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti huko Olmotonyi. Kutwa nzima najaza udongo kwenye viriba, nachomoa magugu, na kucha zangu hazijawahi kufika mwisho wa kidole. Alichukua mkono wangu, akaugeuza kama daktari.

"Hii ni mikono ya miti," alisema. "Mke wangu haimbi kwa nyama. Siwezi kukupa kitu utakachokitoa nusu."

"Nusu si bora kuliko bure?"

"Hapana."

Ndivyo alivyokuwa. Mpaka leo nikikaa na gitaa naupiga ule msingi peke yake, besi na katikati, na juu ni kimya.

Kuhusu huo ukucha wa kidole cha pete, kuna jambo sharti nilieleze, maana ndilo lililomchelewesha. Huku kwetu mtu akizikwa, wanaume hupokezana beleshi kufukia kaburi. Hakuna anayeitwa jina, lakini kila mtu anaona nani ameshika na nani amekwepa. Mwalimu alikuwa anakwepa. Alisimama na mkono wa kulia mfukoni mwa koti, zamu ikifika anachota udongo kwa mkono wa kushoto, anautupia, anarudi nyuma. Udongo wa maiti kwa mkono wa kushoto! Watu walinung'unika miaka mingi, na mzee mmoja alimwambia mbele za watu, "Wewe siku yako tutakufukia kwa kijiko chako cha ugali." Mwalimu alimeza. Alirudi nyumbani akapiga gitaa.

Kisha mkewe akafa. Tulimzika kule juu kwao Mwalimu, pembeni ya migomba. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Mwalimu alivua koti, akamnyang'anya beleshi kijana aliyekuwa wa kwanza, na hakumpa mtu mwingine. Vijana walikuja kumpokea, aliwasukuma kwa bega. Wakubwa walimsihi, hakusikia. Alifukia lile kaburi peke yake mpaka udongo ukawa kilima, sisi tukiimba beti mpaka zikaisha tukaanza upya. Yule mzee wa kijiko alikuwa analia waziwazi.

Alipoachia mpini, ulikuwa na damu. Kucha zote nne zilikuwa zimekwisha, na wa kidole cha pete ulikuwa umeng'oka hadi kwenye shina. Nilimwosha kwa maji ya ndoo. Ilikuwa mara ya kwanza naushika mkono ule.

"Kwa huyu sikuweza kuweka kucha akiba," alisema.

Zile tatu ziliota. Ukucha wa kidole cha pete uliota na ufa katikati, kutoka shina mpaka ncha, na kila ulipofika urefu wa kupiga ulipasuka. Kwa hiyo kidole kilichokuwa kinamwimba mkewe kiliharibika kwenye kaburi la mkewe. Mtu akiniambia hapo pana fumbo la Mungu nitamwomba aondoke nyumbani kwangu. Mimi sikuona fumbo. Niliona ukatili tu.

Hakukata tamaa haraka. Alikwenda hata saluni. Alinisimulia mwenyewe, na binti wa saluni alinithibitishia, kwamba aliingia mchana, akavua kofia, akakaa kwenye foleni ya kina dada, na zamu yake ilipofika akaomba kucha za bandia, nne tu, mkono mmoja.

"Baba, ni za shughuli gani?" binti aliuliza, akijizuia kucheka.

"Za mke wangu."

"Si uje naye tumuweke yeye?"

"Amefariki."

Yule binti alizipachika kwa adabu, akamuuliza tu kama anataka rangi. Zilidumu wiki mbili. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayegonga sahani kwa uma, na zilipotolewa ziliondoka na tabaka la ukucha wake halisi. Zilizobaki zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza akikaa na gitaa mapajani bila kuligusa, mchana kutwa, akitazama mlango.

Halafu moyo wake ukachoka. Daktari alisema hivyo, moyo umechoka, na miguu ikavimba. Dada yake mkubwa alishuka kutoka shambani kwake kumchukua. Sisi tulimwita Yeyo, kama akina mama wa huku wanavyoitwa kwa heshima. Mwanamke mrefu, mjane, aliyekuwa ameshazika karibu kila mtu wake na bado anachuma kahawa yake mwenyewe. Shamba lake haliko mbali na kitalu chetu, kwa hiyo nilikuwa napitia jioni nikitoka kazini.

Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kitandani, kucha zilipona. Hakufungua mlango, hakubeba ndoo, hakukwaruza kitu. Yeyo alimpa maziwa na mayai, alimlisha hata alipokataa. Ule ufa ulisogea mbele mwezi kwa mwezi mpaka ukatoka kabisa nchani, na nyuma yake ukaja ukucha mzima, mnene, wa kijana. Alinionyesha kwa siri, chini ya blanketi. Gitaa lilikuwa limening'inia ukutani ndani ya mfuko wake na hakuligusa tangu afike, kwa sababu alikuwa anaweka akiba. Hakumweleza dada yake neno. Kwa dada yake mkubwa alikuwa bado kitinda mimba, na aliona haya kumwambia mambo ya mapenzi.

Jumamosi moja asubuhi alinipigia.

"Njoo kesho baada ya ibada. Uje na simu yako."

"Kucha?"

"Zote nne."

Nilifika mchana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na mezani palikuwa na kitambaa cheupe cha kudarizi. Mchungaji alikuwa ameondoka muda mfupi uliopita. Alimletea mgonjwa Chakula cha Bwana nyumbani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa, amepakwa mafuta, amevaa shati jeupe. Mikono ilikuwa juu ya blanketi. Kucha zote kumi zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama.

"Shikamoo, Yeyo," nilisema, kwa sababu mdomo ulijua cha kusema hata kama mimi sikujua.

"Marahaba, mwanangu. Umemwonaje? Nimemtengeneza jana jioni, dawa zilikuwa zimemlaza. Mchungaji angemkuta na makucha kama ya mwewe? Tangu mtoto mimi ndiye niliyekuwa namkata. Hakulia hata kidogo."

"Yeyo, hizo kucha ziko wapi?"

Sijui nilitaka nini. Nilifikiria gundi.

"Chooni. Kucha za mgonjwa utaziacha wapi? Zikiokotwa na mtu mbaya je?"

Alikuwa amefurahi, na upendo ulikuwa umemjaa usoni. Mwalimu alimtazama akatabasamu. "Dada amenirudishia ujana," alisema. "Zilikuwa zinanisumbua." Yeyo akaenda jikoni kutuandalia chai, na mimi nikaanza kulia.

"Acha," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Atasikia. Zitaota."

Ukucha unahitaji karibu nusu mwaka. Daktari hakuwa anazungumza habari za nusu mwaka.

"Piga hivyo hivyo," nilimwambia. "Kwa nyama. Nakuomba, Mwalimu, sijakuomba kitu kingine."

Alikasirika, nikaona mshipa wa shingo. Kisha hasira ikamtoka na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani. Nikamshushia gitaa, nikakaza nyuzi, nikaweka simu juu ya kile kitambaa cheupe.

"Washa," alisema.

Aliupiga wote. Gumba lilikuwa taratibu, vidole vya katikati vilijibizana kwa upole, na ile sauti ya juu ilikuwa ya chini mno, ikabidi nizuie pumzi ili niisikie. Alikosea mahali pawili. Akafika pale alipokuwa anasimama miaka yote, hakusimama, na ndipo nikausikia mwisho wake. Ni mfupi. Besi inaacha, katikati wanaacha, na ile ya juu inabaki peke yake kidogo tu, halafu basi.

Aliomba asikilize. Niliiweka simu sikioni mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba.

"Huyu siye yeye," alisema. "Futa."

"Mwalimu, niachie mimi tu. Sitamsikilizisha mtu."

"Utawasikilizisha. Nikifa utawasikilizisha wote, na watamjua hivi, mtu asiye na sauti. Sikukaa miaka yote hii ili wamjue hivi. Futa, nikiona."

Nilibishana naye mpaka akaanza kuhema, nikaogopa moyo wake. Nikafuta. Akanyoosha kidole kwenye kioo; alijua simu ina mahali pa kuhifadhi vilivyofutwa. "Na huko." Nikafuta na huko.

Yeyo aliingia na sinia. Alisimama katikati ya chumba, akatutazama kwa zamu.

"Mbona mmeacha? Si ule wa wifi yangu huo?"

Niliigeuza simu kifudifudi kwenye kitambaa.

"Nilikuwa nausikia nikija kwenu Sakina, unanichoma masikio. Nikawa namwambia wifi, huyu mumeo anakupigia mabati. Anacheka, anasema mwache, ndivyo anavyonisikia." Aliweka sinia mezani. "Leo nimesimama mlangoni hapo mpaka mkono umekufa ganzi. Ni yeye kabisa. Wifi hakuwa na sauti ya juu, masikini. Alikuwa anaimba chini chini hivyo hivyo, kama hataki kumwamsha mtu. Piga tena, mdogo wangu. Huyu binti arekodi."

Mwalimu alinitazama. Nimeona watu wengi wakipewa habari mbaya, lakini sijaona uso kama ule. Alilivuta gitaa kwa haraka ya mtu anayekimbilia mlango unaofungwa, nami nikaiwasha simu. Besi ilianza. Vidole vya katikati vikaingia, vikakwama. Alianza tena, mkono ukateleza kwenye nyuzi. Akaanza mara ya tatu, na safari hii hata gumba halikufika. Hakupiga tena, siku ile wala nyingine.

"Umechoka," Yeyo alisema. Alimwondolea gitaa mapajani, akalisimamisha ukutani. "Kunywa chai kwanza, utapiga ukishapumzika."

Mwalimu alijaribu kushika kikombe, kikamshinda, na dada yake akaketi kando yake akaanza kumnywesha taratibu, akipuliza kila anapomwinulia.